Moto wa Jua Ndani ya Roketi: Je, Utawafikisha Watu Mirihi?

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima. Maneno haya yamepigwa chapa kama yalivyosemwa, ili wanafunzi wapate kuyasoma tena polepole baada ya kusikiliza.

Natumaini mmekwisha kukaa, na kila mtu ana daftari na kalamu yake. Kiongozi wa darasa, tafadhali simama karibu na ubao, kwa maana leo tutakuwa na hesabu kidogo. Hesabu yenyewe si ngumu.

Leo nataka kuzungumza nanyi juu ya safari za watu katika anga za juu, na juu ya nguvu ya namna moja ambayo wataalamu wengi wanatumaini kwamba siku moja itafupisha safari hizo. Nguvu hiyo ndiyo inayowasha jua. Magazeti hupenda kuandika habari zake kwa herufi kubwa. Siku nyingine husema kwamba roketi ya namna hiyo i karibu kuruka. Siku nyingine husema kwamba ni ndoto tupu. Mtu aliyejifunza kusoma hana budi kujua pia kupima yale anayoyasoma. Kwa hiyo, kabla ya kumaliza, nitawapa maswali matatu ya kupimia habari kama hizo.

KWANZA: SAFARI NI NDEFU KIASI GANI?

Tuanze na Mwezi. Mwezi uko mbali nasi kiasi cha kilometa 384,000. Mwaka 1969 Wamarekani watatu, Neil Armstrong, Edwin Aldrin na Michael Collins, waliondoka duniani tarehe 16 Julai. Tarehe 20 wawili kati yao waliteremka juu ya Mwezi. Safari ya kwenda ilikuwa ya siku nne tu.

Sasa tutazame Mirihi. Mirihi ni sayari, nayo hulizunguka jua kama dunia yetu. Inapokuwa karibu nasi kabisa, iko mbali kilometa kama milioni 55. Inapokuwa upande wa pili wa jua, iko mbali kilometa kama milioni 400. Kwa roketi za leo, kwenda peke yake huchukua miezi 6 hadi 9. Hajatokea bado mtu aliyefika huko. Ni mashine tu zilizofika.

Tena msafiri wa Mirihi hawezi kurudi siku aitakayo. Dunia ina mwendo wake na Mirihi ina mwendo wake, na nafasi nzuri ya kusafiri hupatikana mara moja tu katika kila miezi 26. Watu wa pwani wanalielewa jambo hili. Majahazi yalikuja kutoka Arabuni kwa kaskazi, na nahodha hakuweza kurudi mpaka kusi ianze kuvuma. Ndivyo ilivyo kwa msafiri wa Mirihi. Ukijumlisha kwenda, kungoja na kurudi, safari nzima ni kama miaka miwili na nusu hadi mitatu.

Je, mwili wa binadamu huweza kuvumilia? Angani mtu huelea, hana uzito, na mifupa isiyobeba uzito hudhoofika. Mifupa ya nyonga na miguu huweza kupoteza kiasi cha sehemu 1 katika 100 kila mwezi, mtu asipofanya mazoezi makali. Daktari mmoja Mrusi, Valeri Polyakov, alikaa angani siku 437 mfululizo, tangu Januari 1994 mpaka Machi 1995, akarudi salama. Basi kuelea kunavumilika. Lakini Polyakov alikuwa karibu na dunia, na dunia yetu ina nguvu ya sumaku ambayo hukinga sehemu kubwa ya mionzi mikali itokayo angani.

Njiani kwenda Mirihi kinga hiyo haipo. Chombo cha Marekani kilichompeleka Curiosity, gari lisilo na dereva, kiliondoka Novemba 2011 kikafika Agosti 2012, nacho kilichukua kipimo cha mionzi. Kwa kipimo hicho wataalamu walikadiria kwamba mtu atakayekaa njiani siku 360, kwenda na kurudi, atapata mionzi ya milisiveti kama 660. Hapa duniani mtu wa kawaida hupata kwa mwaka milisiveti kama 2.4 kutoka ardhini, hewani na angani. Gawanyeni 660 kwa 2.4. Mtapata 275. Yaani msafiri huyo atapata kwa mwaka mmoja mionzi ambayo mtu wa hapa angeipata kwa miaka 275. Mionzi hiyo haimwui papo hapo, lakini inazidisha hatari ya kupata saratani baadaye.

Basi, ndugu zangu, mwendo wa roketi si jambo la mashindano na majivuno tu. Kila mwezi unaopunguzwa njiani ni mwezi wa mionzi, wa chakula, wa maji, na wa kuwa mbali na hospitali uliopunguzwa pia. Ndiyo sababu watu wanatafuta nguvu mpya.

PILI: KWA NINI ROKETI ZA LEO HAZIENDI UPESI ZAIDI?

Roketi haisukumi hewa kama ndege. Huenda mbele kwa kutupa kitu nyuma. Fikirini mtu aliyesimama ndani ya mtumbwi mdogo, mahali pasipo na upepo wala mkondo. Akilirusha jiwe zito upande wa nyuma, mtumbwi utasogea mbele kidogo. Akilirusha kwa kasi zaidi, mtumbwi utasogea zaidi. Roketi nayo hutupa gesi ya moto badala ya mawe.

Mwaka 1903 mwalimu mmoja wa shule katika Urusi, Konstantin Tsiolkovsky, alichapa kanuni ya hesabu ya jambo hili. Kiongozi wa darasa, tafadhali andika ubaoni. Tunataka kukipeleka chombo cha tani 1.

Tukitaka kiende kwa kasi iliyo sawa na ya gesi inayotupwa, lazima tuanze na tani 2.7.
Tukitaka mara mbili ya kasi hiyo, lazima tuanze na tani 7.4.
Tukitaka mara tatu, tani 20.
Tukitaka mara nne, tani 55.

Tazameni vizuri namba hizo. Chombo chenyewe ni tani 1 tu. Zilizobaki zote ni fueli. Kasi inaongezeka kwa kujumlisha, lakini mzigo unaongezeka kwa kuzidisha. Katika roketi zilizo bora za kuchoma fueli, gesi hutoka kwa kasi ya kilometa kama 4.5 kwa nukta moja. Moto wa kuchoma hauwezi kuzidi sana hapo. Roketi ile iliyowapeleka watu Mwezini ilikuwa na uzito wa tani kama 2,900 ilipoondoka. Kilichorudi baharini na watu ndani yake kilikuwa tani kama 5. Roketi ndogo zilizorushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, kati ya mwaka 1967 na 1988, nazo zilifuata kanuni hiyo hiyo.

Basi dawa ni nini? Dawa ni kuitupa gesi kwa kasi kubwa zaidi. Ziko mashine za umeme zifanyazo hivyo hata leo, nazo zimesafiri angani. Lakini msukumo wake ni mdogo, kama uzito wa karatasi juu ya kiganja. Zinatosha chombo kidogo kisicho na haraka. Kwa chombo cha watu tunataka kasi na nguvu pamoja, na hapo ndipo watu wanapoukumbuka moto wa jua.

TATU: MOTO WA JUA NI MOTO GANI?

Jua haliwaki kama kuni. Kuni zikiungua, atomu zake hubaki zile zile. Zimebadili wenzi tu. Ndani ya jua viini vya atomu vyenyewe huungana. Viini vya haidrojeni huungana vikawa heliamu, na katika kuungana huko uzito kidogo hupotea ukawa nguvu. Kila nukta jua hugeuza tani kama milioni 600 za haidrojeni, na kati ya hizo tani kama milioni 4 hugeuka kuwa nguvu. Mwingereza Arthur Eddington alilidokeza jambo hili mwaka 1920, na Hans Bethe akaeleza mwaka 1939 namna viini vinavyoungana.

Msichanganye jambo hili na mitambo ya nyuklia inayotoa umeme leo. Mitambo ile hupasua viini vizito vya urani. Sisi tunazungumza juu ya kuunganisha viini vyepesi.

Kuunganisha ni kazi ngumu, kwa sababu viini husukumana, kama ncha mbili za sumaku zilizo sawa. Havikubali kukaribiana ila vikienda kwa kasi kubwa sana, maana yake viwe na joto kubwa sana. Katikati ya jua joto ni digrii kama milioni 15, na uzito wa jua lenyewe huvibana. Sisi hatuna uzito wa jua, kwa hiyo hatuna budi kutumia joto zaidi, kupita digrii milioni 100. Gesi yenye joto hilo huitwa plazma. Hakuna chungu wala chuma kinachoweza kuishika. Kwa hiyo watu hutumia njia mbili. Ya kwanza ni kuifunga plazma kwa nguvu za sumaku isiguse ukuta. Warusi walianza kufanya hivyo katika miaka ya 1950 kwa mashine iitwayo tokamaki. Njia ya pili ni kuipiga punje ndogo ya fueli kwa miale ya leza pande zote, mpaka ibanwe na kuwaka kabla haijatawanyika.

Fueli iliyo rahisi kuwaka ni ndugu wawili wa haidrojeni: deuteriamu na tritiamu. Deuteriamu imo baharini. Katika kila atomu kama 6,500 za haidrojeni ya maji, moja ni deuteriamu. Tritiamu ni adimu, tena haikai. Baada ya miaka kama 12 nusu yake imekwisha potea. Kwa hiyo hutengenezwa.

NNE: NINI KIMEKWISHA FANYIKA?

Binadamu aliwasha moto huu kwa wingi mara ya kwanza tarehe 1 Novemba 1952, Marekani ilipolipua bomu la haidrojeni katika Bahari ya Pasifiki. Lakini bomu si jiko. Kazi ya miaka iliyofuata imekuwa kuuwasha moto bila kubomoa.

Katika Uingereza, mahali paitwapo Culham, ilikuwako mashine ya sumaku iitwayo JET. Mwaka 2023, kabla ya kufungwa, ilitoa nguvu za megajuli 69 kwa fueli ya miligramu 0.2 tu. Punje moja ya mchele mkiigawanya sehemu mia, sehemu moja ndiyo uzito huo. Ili kupata joto kama hilo kwa makaa, ingetubidi tuchome kilo mbili hivi. Sasa mnaona kwa nini watu wa roketi wanaitamani fueli hii: mzigo ni mdogo, nguvu ni nyingi. Lakini mashine ile ilikula nguvu zaidi kuliko ilizotoa.

Tarehe 5 Desemba 2022, katika maabara ya Livermore, California, miale 192 ya leza iliipiga punje ya fueli kwa megajuli 2.05, na punje ikatoa megajuli 3.15. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza katika maabara kwa moto huu kutoa zaidi ya ulichopewa. Ni ushindi wa kweli. Lakini sikilizeni vizuri: leza zenyewe zilitumia umeme wa megajuli kama 300 ili zitoe zile 2.05. Hesabu ya punje ina faida. Hesabu ya mashine nzima ina hasara.

Katika kusini ya Ufaransa, nchi nyingi zinajenga pamoja tokamaki kubwa iitwayo ITER. Kwa ratiba iliyotangazwa mwaka 2024, utafiti wake utaanza mwaka 2034. Uzito wa mashine hiyo ni tani 23,000. Kituo cha kimataifa kilicho angani, ambacho watu wamekaa ndani yake tangu mwaka 2000, kina tani kama 420. Gawanyeni. ITER ni nzito zaidi ya mara 50. Hapo ndipo penye fundo la habari yetu: mashine za moto huu tunazozijua ni nyumba kubwa, na roketi inataka kitu chepesi.

TANO: MIPANGO YA ROKETI

Mipango imekuwako kwa miaka mingi. Kati ya mwaka 1958 na 1965 Wamarekani walifikiria chombo kilichoitwa Orion, kisukumwe kwa kulipua mabomu ya nyuklia nyuma yake, moja baada ya jingine. Mabomu hayo yangekuwa hasa ya kupasua viini. Mkataba wa mwaka 1963 ulikataza kulipua mabomu ya nyuklia hewani, angani na chini ya maji, na mpango ukafa.

Kati ya mwaka 1973 na 1978 chama cha Waingereza cha safari za sayari kiliandika mpango wa Daedalus. Chombo hicho, kisicho na watu, kingekwenda hata nyota iitwayo ya Barnard kwa miaka kama 50, kikilipua punje 250 za fueli kila nukta.

Mwaka 2005 wahandisi wa NASA walichapa mpango wa chombo cha watu, Discovery II. Kwa hesabu yao, kingefika sayari ya Mshtarii kwa siku 118 na Zohali kwa siku 212. Uzito wake ungekuwa kama tani 1,700, yaani mara nne ya kituo cha angani.

Siku hizi kazi inaendelea kwa vipande vidogo zaidi. Huko Princeton, Marekani, wanajaribu mashine ndogo ya sumaku ambayo wanatumaini itasukuma chombo na kukipa umeme pamoja. Imekwisha ipasha plazma joto, lakini bado haijasukuma chombo. Mwaka 2013 wataalamu wengine wa Marekani, waliosaidiwa fedha na NASA, walisema njia yao ya kuibana fueli kwa pete za chuma ingeweza kumfikisha mtu Mirihi kwa siku 30 hadi 90. Mwaka 2025 kampuni ya Uingereza iitwayo Pulsar Fusion ilionyesha michoro ya chombo chake, Sunbird. Hakuna hata kimoja kati ya hivi kilichokwisha safiri kwa nguvu ya muungano wa viini.

SITA: VIZUIZI NA MATUMAINI

Vizuizi vikubwa ni vinne.

Cha kwanza ni uzito, nacho tumekwisha kukiona.

Cha pili ni joto. Jiko la hapa hupoa kwa hewa na maji. Angani hakuna hewa, na joto haliwezi kuondoka ila kwa kung'aa kutoka katika mabamba makubwa. Mabamba hayo nayo ni uzito.

Cha tatu ni chembe ziitwazo nyutroni. Deuteriamu na tritiamu zikiungana, sehemu 80 katika 100 ya nguvu hutoka ndani ya nyutroni. Sumaku haiwezi kuziongoza nyutroni. Hupenya ukuta, na hupenya watu. Tulitaka kumwepusha msafiri na mionzi ya angani, na sasa tunamwekea mionzi mingine nyuma ya kiti chake. Kwa hiyo ngao nene inahitajika, na ngao pia ni uzito.

Cha nne ni fueli. Iko fueli safi zaidi: deuteriamu pamoja na heliamu ya namna ya 3. Hiyo hutoa chembe ambazo sumaku huweza kuzielekeza nyuma, ndiyo maana watu wa Princeton na wa Daedalus waliichagua. Lakini inataka joto kubwa zaidi, na heliamu hiyo ni adimu sana duniani. Wale wa Daedalus waliwaza kuichota katika hewa ya Mshtarii! Huko ni kwenda mbali kutafuta kuni za kupikia chakula cha safari.

Hata hivyo matumaini yapo. Roketi haina haja ya kuuza umeme. Ikisukuma tu imefanya kazi yake. Anga lenyewe ni utupu, na mashine hizi zinataka utupu. Tena chombo hiki hakitaondoka ardhini kwa moto huu. Kitapandishwa vipande vipande kwa roketi za kawaida na kuunganishwa juu. Na kabla yake huenda tukapata msaada wa karibu zaidi, yaani injini za kupasua viini. Wamarekani walizijaribu ardhini katika jangwa la Nevada katika miaka ya 1960, na gesi yake ilitoka kwa kasi kama mara mbili ya ile ya roketi bora za kuchoma. Rudini ubaoni mwone faida ya mara mbili: kasi iliyotaka tani 7.4 sasa yataka tani 2.7.

MASWALI MATATU YA KUPIMIA HABARI

Sasa yale maswali niliyoahidi. Mkisoma gazetini kwamba roketi ya moto wa jua imepatikana, ulizeni hivi.

La kwanza: Imefanywa, au imechorwa? Mchoro ni mwanzo mzuri, lakini haubebi mtu.

La pili: Nguvu zilizotoka zimelinganishwa na zipi zilizoingia? Na zile zilizoingia katika punje, au na zile zilizolipiwa katika mita ya umeme?

La tatu: Mashine nzima ina uzito gani, pamoja na ngao na mabamba yake?

Tuyajaribu kwa ile habari ya siku 30. Imefanywa? Hapana, imekadiriwa. Nguvu zake zimepimwa zikaleta faida? Bado. Uzito? Ni wa karatasini. Je, watu wale walisema uwongo? La, hasha. Walisema, "Kazi yetu ikifaulu, itawezekana hivi." Gazeti likalisahau lile neno dogo "ikifaulu". Ndugu zangu, katika kusoma, neno dogo mara nyingi ndilo linalobeba mzigo wote.

Nani basi atakayepanda chombo hicho? Mimi siwezi kuwatajia mwaka. Naweza kuwaambia tu kwamba moto umekwisha washwa katika maabara, na kwamba kazi iliyobaki ni kuufanya uwe mwepesi, udumu, na usimdhuru anayeubeba. Hizo si kazi ndogo.

Mazungumzo ya darasani:

1. Kwa nini safari fupi ni salama zaidi kwa mwili wa msafiri? Tajeni sababu mbili.
2. Chombo cha tani 10 kinataka kasi iliyo mara tatu ya kasi ya gesi yake. Kitaanza na tani ngapi?
3. Katika jaribio la Livermore, ni hesabu gani iliyoleta faida, na ni ipi iliyoleta hasara?
4. Tafuteni habari yoyote gazetini yenye neno kama "huenda", "itaweza" au "ikifaulu". Isomeni kwa sauti pamoja na neno hilo, kisha bila ya neno hilo. Maana imebadilikaje?